Mwaka Nilipoonja kwa Niaba ya Yaya

Siku tuliyomzika yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, jina lake Mujinga, kijana mmoja wa jirani alinijia na kikombe cha munkoyo, kile kinywaji cha mahindi tunachokipenda huku kwetu Kamina. Kabla ya kunipa alipiga funda moja mbele ya macho yangu, akafuta ukingo kwa kiganja, kisha akaninyooshea kikombe kwa mikono miwili. Ndiyo adabu yetu. Anayekupa kinywaji hukionja kwanza, ili ujue hakuna kitu kibaya ndani yake, na asiyeonja huonekana ama hana malezi ama ana jambo moyoni. Mtoto wa watu hakukosea lolote. Lakini nilikitazama kile kikombe, na machozi yaliyogoma kunitoka makaburini yakanitoka pale pale, kina mama wakanishika mabega wakidhani ni msiba tu. Banza, kifungua mimba wa yaya, akaja kuchuchumaa mbele yangu. Ana mvi kidevuni, lakini urefu wake haujapita wa mvulana wa darasa la sita. Akanigusa goti. “Mama mudogo, unalia juu ya munkoyo?” Nikamwambia ndiyo. Katika uwanja wote ule ni yeye peke yake niliyemjibu ukweli, naye akatosheka, akaenda kuwauliza wengine kama wamekula.

Mambo ya wazazi wetu nayaruka, hayasaidii kitu hapa. Inatosha kusema kwamba enzi zile za Zaire nilikuwa na miaka kumi na saba, nimepata nafasi katika shule ya wauguzi mjini, na nikaenda kumsaidia yaya kule Base, kambi ya jeshi waliyoijenga Wabelgiji, kwa muda wa likizo. Likizo ile ikawa mwaka. Mume wake, shemeji Kasongo, alikuwa sajini. Walipewa vyumba viwili katika safu ndefu ya nyumba za askari, ukuta mmoja kwa familia mbili, hivi kwamba jirani akipiga chafya sisi ndio tunamtakia afya. Chumba cha mbele kilikuwa cha wateja. Cha nyuma walilala wenyewe, na mimi na Banza tulilala kwenye mkeka upande wa pili wa pazia. Kwenye kona ya chumba cha mbele kulikuwa na kigoda cha mti, kidogo, kimeng'aa kwa kukaliwa, ambacho hakuna aliyekikalia. Siku yangu ya kwanza nilikivuta nikae nichambue sombe, majani ya muhogo. Yaya akanipokonya, akakirudisha konani. Sombe nilichambua nimesimama.

Kilikuwa kigoda cha mama mkwe wake, Mama Umba. Hilo sikuambiwa, nililisikia kupitia ukutani, maana ukuta ule ulifundisha kuliko shule. Banza alikuwa anaelekea miaka minne. Alichelewa kutembea, maneno yake yalikuwa manne au matano, alikuwa mdogo wa mwili na kichwa, macho madogo, na mdomo wa juu mwembamba. Chini ya pua, pale ambapo sisi wote tuna kamfereji kadogo, yeye alikuwa laini kabisa. Ukimwambia alete maji, alikwenda na kikombe akasahau njiani alichotumwa, akarudi na jiwe, anacheka. Mwombezi mmoja alikuwa amewaambia kwamba bibi wa mtoto ndiye aliyekula akili yake. Basi shemeji alimpandisha mama yake mzazi kwenye treni ya Bukama, na kutoka Bukama mzee akashuka na mashua kwa mto Lualaba hadi kwao Malemba-Nkulu. Jirani alikuwa akisimulia hayo kila alipopata mgeni. “Balimufukuza asubui,” alisema, “ata kiti yake hakubeba.” Yaya alikuwa akisikia kama mimi. Aliongeza tu nguvu ya kusonga bukari, ugali wetu.

Yaya alipika lutuku. Wasioijua waelewe kwamba ni pombe kali ya mahindi na muhogo, inachemshwa katika pipa, mvuke unapita kwenye bomba lililolazwa ndani ya maji baridi, na kinachodondoka upande wa pili kinaweza kuwashwa kiberiti. Mishahara ya askari ilikuwa ikija inapojisikia, na karibu kila mke wa askari alikuwa akiuza kitu. Mikate ya mafuta iliuzwa na wengi mno, lutuku ya yaya ilikuwa na jina. Na mwenye kupika lazima aonje. Aonje wakati inadondoka, ajue kama nguvu ingali au yamebaki maji. Kisha kila mteja akiketi, aonje kopo la mteja huyo, mbele yake. Askari ni watu wenye hofu nyingi, wametoka kila pembe ya nchi, hawamjui jirani yao, na hadithi za watu waliotiwa sumu zilikuwa nyingi kuliko watu. Kwa hiyo kutwa nzima, funda moja hapa, funda moja pale. Sikuwahi kumwona yaya amelewa. Alikuwa mwanamke wa sala, anaimba kanisani sauti ya kwanza, na walevi aliwadharau hata alipokuwa anawauzia.

Kila mwezi daktari kijana alikuja dispensari ya kambi kuwaona akina mama na watoto. Alikuwa akimwona Banza kwa mara ya kwanza, tumempeleka kwa kikohozi. Alimpima kifua, lakini macho yake yalibaki usoni kwa mtoto. Akampima kichwa kwa utepe. Akamgusa chini ya pua kwa kidole. Kisha akamwuliza yaya, kwa sauti ya kawaida tu, “Mama, wakati ya mimba yake, ulikuwa unakunywaka pombe?”

“Hapana, dokta. Minyi sikunywake pombe.”

Akaamini. Na kwa nini asiamini? Mama Kapinga, muuguzi wetu kutoka Kasai, alikuwa akiwauliza wanawake wote swali hilo hilo, nao wote wakijibu vile vile, bila kudanganya. Daktari akaenda kwenye maswali mengine, akampa yaya chupa ya dawa ya kikohozi na kijiko, akamwambia ampe mtoto kijiko cha kwanza palepale. Yaya akamimina. Akapeleka kijiko mdomoni mwake, akaonja kidogo, akameza, ndipo akampa Banza. Daktari akaacha kuandika.

“Juu ya nini unaonja dawa ya mutoto?”

“Juu ya kumutosha boga, asiogope. Kila kitu yenye natia mu mukono ya muntu, naonja mbele.”

“Na kazi yako ni nini, mama?”

“Napika lutuku.”

“Unaionja?”

“Nitakosa aje? Kama sionje, hakuna mwenye ataikunywa.”

“Kwa kila muntu? Na mu mimba ya huyu pia?”

“Kwa kila muntu. Ata siku ya kumuzala nilionja asubui.”

Mama Kapinga aliweka chini sindano alizokuwa akizichemsha. Daktari alivuta kiti akakaa karibu na yaya, na sitasahau kwamba alikaa, maana wengi walisema na sisi wakiwa wamesimama. Alieleza kwamba pombe haichagui mlango, anachomeza mama kinapita kwenye kitovu hadi kwa mtoto, na mtoto aliye tumboni hana nguvu ya kuivumilia. Inamgusa uso wakati uso unaumbwa, inagusa kichwa wakati wowote. Hakuna dawa ya kukirudisha kilichoharibika. Kuna subira tu: umtume kitu kimoja kwa wakati, useme kwa maneno machache, urudie, usimpige kwa kusahau. Na mimba nyingine ikija, asimeze hata funda. Yaya alimsikiliza hadi mwisho, akamfunga Banza mgongoni. “Dokta, kuonja haiko kukunywa,” alisema. “Mulevi iko muntu mwenye kukala chini na kopo yake.”

Njiani alitembea mbele yangu kwa hasira. “Eti minyi njo nilimuharibu mutoto wangu? Ule mutoto wa juzi, na bitabu yake?” Nikajifanya nimechelewa kufunga kiatu. Lakini wiki chache baadaye siku zake hazikuja, na asubuhi moja nikamkuta amesimama mbele ya pipa linalodondoka, kikombe mkononi, hakinyanyui. Alisimama hivyo mpaka moto ukapungua. Kisha akamwaga kikombe kile ardhini. Hakusema kama amemwamini daktari. Alisema, “Tutajaribu. Ule dokta atafunga kinywa.”

Kujaribu ni neno jepesi. Wateja walikuja, yaya akawapelekea makopo bila kuonja, na hakuna aliyenyanyua lake. Koplo mmoja mwenye makovu akalisukuma kopo lake. “Mama, onja.” Yaya akasema tumbo linamsumbua. “Basi na sisi matumbo itatusumbua.” Msomaji atasema angejifanya anameza. Wale watu walikuwa wakiangalia koo, si midomo. Nikatokea nyuma ya pazia, nikachukua kopo, nikapiga funda. Nikakohoa mpaka nikalia, wakacheka, lakini koplo hakuridhika. “Weye njo ulipika?” Nikasema hapana. “Basi mwenye kupika aonje. Mwenye kupika njo anajua kenye aliweka mule ndani.” Walitoka mmoja mmoja, makopo yamejaa mezani. Jioni tulikula bukari na chumvi.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mpishi. Hakuna aliyeniomba. Yaya alinionyesha kuloweka mahindi, kusubiri yachipue, kuziba pipa kwa udongo, na tuliwakaribisha majirani waje waone kabisa kwamba ninayepika ni mimi. Kuanzia hapo yeye hakukanyaga kibanda cha kupikia. Mimi ndiye niliyekaa mle, moshi machoni, mgongo kwa ukuta wa moto, na mbele nikaketi mlangoni nikiwaonjea wanajeshi wa nchi nzima. Shule ilifunguliwa mjini bila mimi. Siku ile niliwaona kwenye kizuizi cha kambi wasichana wawili wenye sare nyeupe wakipanda lori la mjini, na mlinzi akawafungulia kamba wakapita. Mimi kamba ile nilifunguliwa mara moja tu mwaka ule, kwenda kutafuta mahindi. Nilimchukia yaya. Nasema wazi, maana yeye mwenyewe alijua na hakunilaumu. Nilimchukia akipika sombe, nikamchukia akiimba, nikachukia tumbo lake lilivyokuwa likitangulia mlangoni. Nikiamka asubuhi mikono ilikuwa ikitetemeka mpaka funda la kwanza. Na ningeacha, angerudi yeye kwenye pipa kesho yake. Wote wawili tulilijua hilo, kwa hiyo hatukulizungumza.

Nilidhani niliyefungwa ni mimi peke yangu. Kisha siku moja ya mvua, wateja hakuna, shemeji alikuwa amerudi kutoka zamu na walikuwa wakila upande wa pili wa pazia. Samaki wa kukaushwa, nakumbuka harufu. Nikamsikia yaya anasema, polepole, “Kasongo, kama uyu atazaliwa muzuri, basi ni minyi. Haikukuwa mama yako. Ni minyi nilimufanya Banza vile, na mama yako tulimufukuza bure.” Mvua ilikuwa ikipiga bati. “Na kama atazaliwa sawa Banza, basi nitakuwa na babili.” Ndipo shemeji akauliza, “Sasa unaombaka nini kwa Mungu?” Nikasikia kijiko kimewekwa sahanini. “Sijue,” alisema yaya. “Njo pale nashindwa. Napiga magoti, nabakia kimya.” Banza alikuwa amelala mapajani mwangu, mdomo wazi. Kwa mara ya kwanza sikumchukia dada yangu. Niliona kwamba mimi ningetoka siku moja, kamba ingefunguliwa, lakini yeye pande zote mbili alikuwa amejengewa ukuta.

Alijifungua asubuhi, dispensari, mikononi mwa Mama Kapinga, na mimi nikimshika bega. Mtoto alilia kabla hajamaliza kutoka. Banza hakulia siku yake. Alitetemeka tu, na ziwa lilimshinda kwa muda mrefu. Huyu, wa kike, aliwekwa kifuani akaligeukia ziwa mwenyewe na kulivuta kwa nguvu mpaka Mama Kapinga akacheka. Yaya hakumtazama. Alikuwa ameugeuzia uso ukuta. “Ngoie,” aliniita, “angalia chini ya pua. Kamufereji kako?”

Niliinama. Nilipitisha ncha ya kidole. Kalikuwapo, kamechongwa vizuri, kama kangu na kake.

“Kako, yaya.”

“Angalia tena.”

“Kako. Na mudomo iko muzuri. Mutoto iko muzima.”

Akafumba macho. Mama Kapinga alikuwa ameshaanza kuimba wimbo wa kushukuru, na chumba kizima kikaupokea, wanawake waliokuwa vitandani, hata wale waliokuwa wakiugulia uchungu. Katikati ya furaha hiyo yaya alisema, mimi tu ndiye niliyemsikia, “Basi ni minyi.” Alilia kilio ambacho sijakisikia tena, hata kwenye misiba. Wakadhani ni furaha. Mimi nilimshika mtoto ili asianguke.

Mimi baadaye nilifanya uuguzi maisha yangu yote, na lazima niseme kwamba sura si ushahidi wa kila kitu. Wengi wana uso mzuri na bado pombe imewagusa kichwani, na wengine mama zao walionja kama yaya na wakatoka salama. Yule mtoto tulimchunguza miaka mingi, kila neno jipya, kila hatua. Leo anafundisha hesabu, na ana mdomo wa kujibu watu kuliko mimi. Lakini yaya hakungoja miaka. Mtoto alipofikisha umri wa chanjo ya kwanza, alisimama dispensari mbele ya mabenchi yaliyojaa, Banza amemshika mkono, akasema: “Ba mama, bakibauliza kama munakunywaka, munajibu hapana. Minyi pia nilijibu hapana. Lakini nilikuwa naonja. Muangalie mutoto wangu. Haiko bulozi. Ni funda.” Wapo waliocheka, wapo walioguna. Mama Kapinga akauliza palepale, nani anaonja. Mikono ikapanda, mmoja, mingine, mpaka nikaona hata mke wa mchungaji amenyanyua wake. Tangu siku ile dispensari yetu haikuuliza tena “Unakunywa?” Iliuliza “Unaonja?” Nami nimeuliza hivyo mpaka nilipostaafu.

Pipa tulilisafisha, likawa la maji ya mvua. Mimi ilinichukua muda kuacha kulitamani, na shule nilianza mwaka uliofuata na mikono iliyokuwa bado inatetemeka. Kabla ya hapo, yaya aliniomba jambo moja la mwisho, nimsindikize. Mtoto alikuwa bado hana jina la kudumu. Shemeji hakuja, alisema kazi. Mwanaume yule aliogopa macho ya mama yake kuliko risasi. Tukapanda treni hadi Bukama, kisha mashua, yaya na mtoto mgongoni, mimi na Banza, na kigoda nimekifunga kwenye kitenge. Siku zote za safari hakuniambia atasema nini. Nadhani hakujua.

Tulimkuta Mama Umba nyuma ya nyumba ya mdogo wake, amekaa chini kwenye mkeka, anapasua samaki. Alikuwa amekonda. Alipotuona hakuinuka wala hakutabasamu. Alimtazama Banza kwa muda mrefu, kisha akamwuliza yaya kitu ambacho bado kinaniuma: “Naweza kumugusa?”

Yaya alipiga magoti kwenye magamba ya samaki. “Mama, ni minyi,” alisema. “Ilikuwa lutuku. Weye haukufanya kitu.” Nikafungua kitenge, nikaweka kigoda mbele ya mzee. Hakukikalia. Yaya akamshusha mtoto mgongoni akamlaza kwenye mapaja ya bibi yake, yale mapaja yaliyokatazwa. “Uyu ni Umba,” akasema. Mzee alisikia jina lake likiitwa kwa mtoto, akageuza uso pembeni. Mwishowe alifanya kile ambacho mwenyeji yeyote hufanya mgeni akifika kutoka mbali: alinyoosha mkono kwenye mtungi uliokuwa ubavuni mwake, akachota maji kwa kikombe cha bati.

Akakiinua mdomoni mwake ili aonje kwanza. Alikiinua haraka, kwa woga, akituangalia, jinsi anavyoonja mtu ambaye watu wamekataa chakula cha mikono yake. Yaya akamshika kifundo cha mkono.

“Usionje, mama.”

Akakichukua kikombe vile vile kilivyo, kimejaa, akanywa mpaka chini bila kupumzika. Maji yalimtiririka kidevuni hadi kwenye nguo. Kisha akakirudisha kwa mikono miwili.

“Niongezee, mama,” alisema. “Nipatie na ya Banza.”